Dawa Haigusi Mtu

Jumatatu, 3 Juni 1991

Mkaguzi anakuja kutoka Kampala. Bwana Natale Lomoro, mkuu wetu wa shule, ametangaza paredini asubuhi kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi yake mwenyewe. Mapazia mapya ofisini. Chokaa kwenye mawe ya njiani. Vyoo vitafungwa siku hiyo ili visionekane.

Baadaye ameniita. Nitafundisha somo la mfano, baiolojia, kidato cha tano. Mada ameshaichagua. Amepitisha kidole kwenye silabasi akachukua jina refu kuliko yote: tofauti ya usanisi wa protini kati ya seli za prokariota na za eukariota. Kwa nini hiyo? Akasema mtu wa Kampala akisikia neno asilolijua ataogopa kuuliza. Kisha akafunga mlango na kuniuliza, polepole, kama prokariota ni ugonjwa.

Nimemwambia ni kiumbe cha seli isiyo na kiini. Bakteria, kwa mfano. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za jirani mbaya.

Jumanne, 4 Juni

Naandika Kiswahili kwa sababu hapa nyumbani wote wanakisema na hakuna anayekisoma. Kiingereza shemeji Asumani anakisoma, hata maandishi madogo ya kwenye kopo la dawa — yale yanayomfaa.

Asumani ni mume wa mdogo wangu Sadiya. Kabla ya vita vya sabini na tisa alikuwa akifunga vidonda jeshini. Vita vikatutupa wote nje. Mimi Kenya, nikasoma hadi ualimu. Wao Zaire. Tuliporudi Arua mimi nilikuja na cheti, yeye na sanduku la dawa. Mjini wanamwita Dokta. Mimi wananiita yule mwalimu asiye na mume.

Kitu anachokipenda ni dawa iitwayo kloramfenikoli. Inavuka mpaka wa Vurra chini ya magunia ya kahawa. Anaiuza kwa homa, kwa tumbo, kwa mgongo, kwa watoto wanaoogopa mtihani. Na siku ya soko anameza kapsuli moja mbele ya watu, waone kwamba haina neno. Jioni hii nimemwambia tena aache. Alikuwa anakula, hakuinua kichwa.

"Shemeji, mutu hawezi nunua kitu muuzaji mwenyewe anaogopa."

Nimerudi kwenye somo langu. Nitaweka hiyo dawa kama mfano. Wanafunzi wanaijua kuliko wanavyojua DNA.

Ijumaa, 7 Juni

Imekwisha. Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Mkaguzi amefika na usingizi wa safari machoni. Wamemketisha kando ya darubini. Darubini haina lenzi, imefunikwa kitambaa kizuri. Asumani naye alikuwepo — yeye ni wa kamati ya wazazi, alileta soda.

Nikaanza. Pale mpakani Vurra, nikasema, kuna mama wa chapati. Dereva wa lori hajamaliza kutaja anachotaka, chapati ya kwanza iko mkononi mwake. Hiyo ni bakteria. DNA yake haina chumba, iko humo humo ndani ya sitoplazimu, ute wa seli. Nakala yake, ile mRNA, haijamalizika kunakiliwa, tayari ribosomu, zile mashine za kujenga protini, zimeidandia na protini inatoka. Kunakili na kujenga ni mahali pamoja, wakati mmoja.

Sasa chukueni ofisi kubwa. Barua inaandikwa ndani, inavalishwa salamu mbele na shukrani nyuma, maneno yasiyotakiwa yanakatwa, inasubiri mlangoni, ndipo inatoka kwa mafundi walio nje. Hiyo ni seli yetu sisi, eukariota. DNA imefungiwa kwenye kiini. Nakala inapewa kofia na mkia, vipande vinakatwa, vilivyobaki vinaungwa, kisha inapita tundu la kiini kwenda kwa ribosomu.

Darasa zima likamgeukia Bwana Natale. Yeye akatabasamu. Alidhani anasifiwa.

Nikafika kwenye ribosomu zenyewe. Za bakteria ni ndogo, wataalamu wanaziandika 70S. Zetu za kwenye sitoplazimu ni kubwa, 80S, na umbo lake si lile. Ndiyo maana kloramfenikoli inaweza kukamata kiwanda cha bakteria na kupita pembeni ya chetu.

Hapo mkaguzi akaamka. "Kwa hiyo dawa haigusi mtu," akasema, akaandika.

Nikasema, zile ribosomu kubwa, haizigusi. Nilikuwa naenda kuongeza. Jenifer akaniwahi — msichana wa Pajulu, hukaa nyuma, husema mara moja kwa muhula. Akasema mwalimu, mitokondria ziko ndani yetu na zina ribosomu zake, na wiki iliyopita ulisema zinafanana na za bakteria. Hizo je?

Swali zuri kuliko somo lote. Nikageuka, nikaanza kuandika jibu ubaoni. Bwana Natale akapiga makofi. Kuku ameiva, akasema, na mgeni wetu ametoka mbali.

Watu wakasimama. Jibu likabaki ubaoni, nusu mstari. Mtu wa zamu akalifuta ili ubao uonekane safi kwenye picha.

Kuku alikuwa mgumu.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda sokoni kununua mihogo mikavu. Nikasikia jina langu kabla sijafika.

Asumani amesimama juu ya kreti la soda na kipaza sauti cha mkononi. Anasema mwalimu Zulaika, mtu amesomea Kenya, amesema mbele ya serikali ya Kampala: dawa hii hapana gusa mutu. Ya bakteria iko ndogo, ya mutu iko kubwa. Dawa inajua. Inapita kwa mutu kama askari anapita kwa nyumba ya mkubwa wake. Kisha akameza moja. Kisha ya pili, kwa heshima yangu.

Walinunua hadi karatasi za kufungia zikaisha.

Nilimvuta pembeni. Nikamwambia nusu ya maneno yangu ameyaacha darasani. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji, wewe ulisema. Mimi naongeza sauti tu."

Nikamweleza mitokondria. Kila seli yetu inazo, nikasema, ndizo zinazotupa nguvu, na ribosomu zake dawa hii inaweza kuzikamata. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa kila siku, kule ndiko hatari. Akasikiliza vizuri. Akauliza ziko ndogo kiasi gani. Nikasema hazionekani kwa macho.

"Basi," akasema, "kitu hakionekani, mimi nitamwambia mutu wa soko nini?"

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwomba Bwana Natale ruhusa ya kusahihisha paredini. Wanafunzi watapeleka habari majumbani. Akasema wazo zuri, ila lina njia yake: niandike tangazo, alipitie, liende kamati, lirudi kwake, alisome yeye. Nimeliandika hapo hapo mezani kwake. Hivi:

Dawa hii inazuia ribosomu za bakteria. Haigusi ribosomu kubwa za seli zetu. Lakini ndani ya mitokondria zetu zimo ribosomu zinazofanana na za bakteria, kwa hiyo inaweza kumdhuru mtu, hasa mahali damu inapotengenezwa. Usiinywe bila kupimwa.

Amelisoma akisogeza midomo. Ameliweka kwenye droo.

Ijumaa, 14 Juni

Tangazo limetoka. Mbele salamu kwa mwenyekiti wa RC, baraza la mtaa. Nyuma shukrani kwa kamati. Kofia na mkia. Katikati Bwana Natale amesoma, kwa sauti ya harusi:

"Dawa hii inazuia bakteria. Haigusi seli zetu. Usiinywe bila maji safi."

Nilimfuata hadi ofisini. Akasema lile neno gumu la katikati wazazi wasingelielewa, na mahali pa damu pangeleta hofu. Maji safi ameongeza mwenyewe. Kisha akafungua droo ile ile na kunionyesha kopo la kapsuli. Anakunywa mbili kila asubuhi, tumbo lake limetulia tangu Alhamisi. Ameninunulia na mimi.

Jenifer alinisubiri kwenye ngazi. Alitazama tu kama nitasema.

Jumatano, 19 Juni

Ripoti ya mkaguzi imekuja. Imesifu mapazia.

Asumani amekwenda Koboko, Pajulu, akarudi Koboko. Sasa anameza tatu kila soko, kwa sababu mshindani wake wa Vurra anameza mbili. Sadiya amenunuliwa kitenge. Nimekisifu. Kizuri kweli.

Jumapili, 23 Juni

Sikukuu ya kuchinja. Asumani kila mwaka hushika mbuzi mwenyewe, mtu mwenye mikono kama mti. Leo mbuzi amemshinda. Aliketi chini, akacheka, akasema mbuzi wa mwaka huu wamelishwa vizuri. Hakuna aliyecheka naye sana.

Mezani nikaona damu kwenye mkate alioung'ata. Aligeuza kipande upande wa pili akaendelea kula. Sadiya aliona kwamba nimeona. Akaniambia jikoni, akiosha sahani kwa nguvu, kwamba mumewe hachoki, anafanya kazi, na si wote wanaokaa na chaki kivulini.

Nikamwambia amtazame viganja, vimepauka. Akasema atamtazama anachotaka kumtazama.

Jumamosi, 29 Juni

Alitokwa na damu puani tangu alfajiri, haikukata. Madoa meusi miguuni, kama amepigwa, na hakuna aliyempiga. Tumempeleka hospitali kwa baiskeli, mimi nikisukuma nyuma, Sadiya akimshika. Njia nzima watu wanamwamkia. "Dokta, unaenda kutibu?" Anainua mkono.

Tumempata Norah, mganga msaidizi, mwanamke asiyepoteza maneno. Amemfunua kope, amemtazama viganja. Akamwuliza anatumia dawa gani. Asumani akataja moja tu, akajaribu na kutabasamu. Norah akauliza kiasi gani. Asumani akaanza kuhesabu kwa masoko. Norah akamzuia mkono, akamtoa damu ya kupima.

Baada ya kipimo, nje, ameniambia hivi. Damu yake imeshuka yote, nyekundu na nyeupe na zile za kugandisha. Aache dawa leo. Kwa wengi ukiacha mapema damu inarudi yenyewe. Kwa wachache sana mifupa inanyamaza moja kwa moja, na hakuna ajuaye kwa nini yule na si huyu. Atatuambia baada ya siku kadhaa Asumani ni wa kundi gani. Kwa sasa anahitaji damu ya watu.

Nikasema mimi ndiye niliyefundisha. Akasema, "Umefundisha ukweli. Umeuacha mlango wazi tu." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jumanne, 2 Julai

Wageni wengi wodini. Wateja wake wa Arua, wa Pajulu, wamekuja na ndizi. Wanamsalimu, wanamwonea huruma, kisha wanainama na kumwuliza sikioni sanduku liko wapi.

Norah akaingia na kusema mgonjwa anahitaji damu, nani atapimwa kwanza? Wodi ikawa na nafasi. Ndizi zilibaki. Bwana Natale alikuwa amekuja na kamati. Akasema suala la damu linahitaji kikao.

Tumetoa wawili. Mimi na mwanamume nisiyemjua, mzee wa lori, alikuwa amekuja kumwona mtu mwingine.

Sadiya anasema ni uchawi wa yule wa Vurra. "Wangapi wanakunywa, dada? Mia? Mbona wengine hapana anguka?" Nilitaka kumjibu. Ila hilo ni swali lile lile la Norah, kwa maneno mengine, na hata Norah hana jibu. Nikamshika bega. Akaliacha lishikwe.

Alhamisi, 4 Julai

Bwana Natale amekuja nyumbani, si kawaida yake. Amesimama mlangoni, amenyoosha viganja, ameniuliza kama ni vyeupe. Nimevitazama kwenye mwanga. Ni viganja vya kawaida. Nikamwambia aache dawa, aende akapimwe. Akauliza kama anaweza kupunguza badala ya kuacha.

Wodini Asumani leo ameongea vizuri. Sauti ndogo. Amesema Koboko ndiko alikouza zaidi, ni kwao, ni watu wa baba yake, na hakuna aliyewaambia.

"Shemeji, chukua kile kipaza sauti. Mimi walisikia sababu nilimeza. Wewe watasikia sababu nilisema ni wewe."

Nikamwuliza kama sasa anaamini. Akafikiri. Akasema anaamini nusu, na hiyo nusu inatosha kwenda Koboko. Sadiya atakwenda nami. Sanduku kubwa limebaki kwa mwenye banda kule, Asumani anataka tulichukue tulirudishe kwa wenyewe Vurra.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika kando ya barabara. Tunatoka Koboko, bado hatujafika Arua.

Niliogopa kreti la soda. Nilipanda. Koboko soko limejaa, mvua ya jana, tope. Nilisema yote, safari hii bila kukatwa. Bakteria na mama wa chapati. Kiini na ofisi. Ribosomu kubwa na ndogo. Kisha lile la Jenifer: ndani yetu sisi mna viwanda vidogo vinavyofanana na vya adui, na dawa haiulizi jina. Nikawaambia Asumani yuko wodini. Nikasema dawa hii si mbaya, kuna magonjwa inaokoa, lakini si ya mgongo, si ya uchovu, na asiye mganga asiiuze.

Walinisikiliza hadi mwisho. Nilifikiri nimefika.

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya jeshi akainua mkono. "Tumesikia, mwalimu. Kwa hiyo sasa bei iko chini?"

Walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Nilishuka.

Hapo ndipo mama mmoja akanijia, Margarita, mkulima, amevuka tope na mjukuu mgongoni. Watu walimpisha wakisema mpelekee Daktari. Daktari ni mimi. Nikamwambia si mimi. Akafungua kanga. Mtoto wa kike, miaka minne hivi, moto kama jiwe la jikoni. Macho amefumba, jua linamuumiza. Ametapika usiku, akasema Margarita. Nikaweka mkono nyuma ya kichwa nimwinamishe. Shingo haikukunjika. Mwili wote ulikuja nayo, kama ubao.

Mimi ni mwalimu. Lakini homa ya uti wa mgongo kila mtu wa huku anaijua, tumezika watoto kila kiangazi.

"Zahanati?" nikauliza.

Ametoka huko. Mwenye ufunguo wa stoo ya dawa amekwenda semina Arua.

Sadiya alikuwa ameliinamia sanduku, tayari kulifunga kamba. Aliacha kamba. Sanduku zima la kloramfenikoli, miguuni pangu, saa ileile niliyowaambia watu wa Koboko wasiiguse. Hospitalini hii ndiyo ingetumika. Kwa sindano, na mganga, na kipimo — lakini ndiyo hii. Sikujua kiasi cha mtoto. Sikujua kama kapsuli za Vurra zina dawa au unga wa muhogo. Nilijua njia hadi Arua ikoje baada ya mvua.

Nikamwambia mama Margarita nisichokijua, chote. Alisubiri nimalize.

"Mwanangu," akasema, "wewe nasema mingi. Utampa ama hapana?"

Nimempa. Nimefungua kapsuli moja kwenye kijiko cha maji ya sukari, Sadiya amemshika mtoto taya. Nusu ikamwagika. Ni chungu, hata hivyo hakulia. Hilo ndilo lililonitisha.

Soko lote liliona.

Nilikuwa natafuta gari nikasikia nyuma yangu yule wa kofia ya jeshi: "Mmeona? Mwenyewe amempa mtoto." Nilipogeuka, sanduku lilikuwa limezungukwa. Sadiya alinyanyua mikono juu, akisema hauzi, hauzi. Walijipimia wenyewe na kumwekea pesa kwenye kanga. Kipaza sauti kilikuwa kwenye kreti. Nilikiwasha. Betri zimekwisha.

Sasa tuko hapa. Pikapu ya Mogga, anabeba tumbaku, amekubali kutuchukua bila maneno. Tairi imetoboka kabla ya nusu ya njia. Mtoto yuko mapajani mwa bibi yake, chini ya mwavuli wa Sadiya. Kapsuli nyingine ninayo, nimeifunga kwenye leso. Sijui ni saa ngapi nimpe. Norah atajua. Norah yuko kule mbele, na Asumani, na majibu yake ya damu labda yameshatoka.

Mtoto amefungua macho. Au ni mwavuli umesogea.

Mogga yuko chini ya gari na jeki. Ametoa kichwa nje, ana tope hadi kwenye nyusi. Ananiuliza kwa heshima kama kapsuli ile ya kwenye leso nitaitumia, maana mgongo wake unamsumbua tangu juzi.